Alfalfa: miaka ya ng'ombe, kisha zamu ya shamba

Nilipanda alfalfa, zao la malisho la jamii ya kunde, nikitaka mambo mawili: majani ya ng'ombe na rutuba ya udongo. Yote mawili yanapatikana, ila si kwa mkupuo mmoja. Ukifyeka na kubeba kila kitu, naitrojeni nyingi, kirutubisho kinachokuza mimea, inaondoka na mzigo, shamba linabakiwa na mizizi na visiki. Ndiyo maana niliweka zamu: miaka ya mwanzo ale ng'ombe, mwisho iwe zamu ya shamba kula.

Nilipima udongo kwanza. Zao hili halivumilii tindikali. Linataka pH, yaani kipimo cha tindikali, ya 6.5 hadi 7.5, kwa hiyo chokaa niliitia miezi kadhaa kabla ya kupanda. Mahali panapotuama maji nilipaacha, kwa kuwa mizizi huoza. Mbegu ni ndogo sana, nikazifukia sentimita 1 hivi tu, baada ya kuzipaka bakteria wake maalumu wanaonasa naitrojeni ya hewani, maana shamba halikuwahi kuwa na alfalfa. Miche ilipokomaa kidogo niling'oa mmoja kwa koleo, taratibu, nikapasua vinundu vya mizizi kwa ukucha. Ndani vilikuwa na rangi ya waridi: bakteria wako kazini. Vingekuwa vyeupe au vya kijani, ningejua hakuna kinachofanyika.

Palizi ya mwanzo inachosha, sitaficha. Miche hukua polepole na magugu hayana subira.

Mkato wa kwanza niliuchelewesha hadi maua yakatoka vizuri, mizizi ijiwekee akiba. Baada ya hapo nilifyeka kila mimea michache ilipoanza kuchanua, takriban mmoja kati ya kumi, nikiacha kisiki cha sentimita 5 hadi 8. Ukingoja zaidi unavuna mabua, na protini iko kwenye majani. Hata hei, yaani majani ya kukausha, niliigeuza asubuhi ikiwa bado na umande, majani yasipukutike.

Ng'ombe mwenye njaa sikumpa alfalfa mbichi iliyolowa hata siku moja. Gesi hujaa tumboni, na anaweza kufa upesi. Nilimtanguliza kwa nyasi kavu, kisha nikampa alfalfa iliyonyauka. Samadi ilirudi shambani, kwa sababu kila mkato huondoka na potasiamu na fosforasi nyingi.

Mimea ilipopungua, kwenye mwaka wa nne hivi, nikasitisha kubeba. Chipukizi la mwisho niliacha lianze kuchanua, nikalikatakata na kulifukia papo hapo, nikihakikisha jembe limekata mashina chini ya uso wa ardhi. Yakibaki mazima huchipua upya. Nilisubiri wiki chache yaoze, nikapanda mahindi, na mbolea ya kukuzia nikaipunguza sana. Alfalfa mpya niliihamishia kipande kingine, kwani masalia ya ile ya zamani hutoa kemikali zinazodumaza miche mipya ya alfalfa.