Ditekta ya Mjomba

Mjomba alishuka kutoka Chunya na ditekta yake ya kutafutia dhahabu ndani ya kiroba. Ilikuwa inalia mfululizo, hata ukiinyanyua hewani, na mchimbaji mdogo asiye na mashine anafukua kwa kubahatisha tu. Kariakoo fundi mmoja aliitupia jicho akasema bodi imekufa. Ndipo akaja nayo kwetu Tandika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba wangu. Niangalizie hii kabla sijauza ng'ombe."

Betri zilikuwa nzima. Nikaitilia shaka nyumba kwanza: sakafu ya zege ina nondo, madirisha yana grili, halafu taa za LED na chaja za simu hutoa mawimbi ambayo koili, lile duara la nyaya linalopitishwa juu ya ardhi, huyadaka. Namhurumia sana Alexander Graham Bell. Mwaka 1881 alitafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani kwa kifaa cha namna hii, na springi za chuma za kitanda zikachangia kumvuruga. Nikazima meni swichi, tukatoka nayo hadi chini ya mwembe, simu tukaziacha ndani.

Kelele ilipungua, haikuisha. Lakini sasa niliweza kuisikiliza vizuri: ilipanda kila mpini ulipotikisika na kutulia ukiachwa. Bodi iliyokufa haifanyi hivyo. Nikashika kebo ya koili pale inapoingia kwenye plagi, nikaipinda taratibu kwa vidole. Ikapiga yowe. Nikaipinda upande wa pili, kimya.

Mita ya kupimia nyaya ilithibitisha: waya mmoja ulikuwa unashika na kuachia. Ndani ya koili kuna mizunguko miwili, mmoja unatuma na mwingine unapokea, imepangwa ili wa pili usikie kidogo sana mpaka chuma kipite. Waya ukicheza, mpango huo unavurugika na mashine inadhani imeona kitu. Nilipochuna ganda, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika karibu zote, zimebaki mbili tatu zinazogusana. Nikakata kipande kile, nikaunga kwa risasi ya kulehemu, na ule waya uliosukwa kuzizunguka nyaya za ndani nikaurudishia, maana ndio unaozuia kelele za nje.

Mama akavua hereni yake ya dhahabu, nikaiweka juu ya ubao. Mlio mmoja, mfupi, safi.

"Rudia," mjomba akasema. Nikarudia mpaka akaridhika.

Nikamfungia kebo upya mpinini, nikiacha ulegevu karibu na plagi isivutwe tena. Alfajiri akawahi basi la Mbeya.