Nilivyopata uzamivu wa dagaa

Katika vyuo vikuu vyetu Tanzania, mwenye shahada ya uzamili huishia uhadhiri msaidizi mpaka apate uzamivu, yaani PhD. Hicho ndicho kilichonisukuma, na sioni haya kusema. Nilitaka cheo, kiu ya elimu ilikuja baadaye.

Pendekezo langu la kwanza lilihusu umaskini wa wavuvi wa Ziwa Victoria. Msimamizi akauliza: wavuvi wa nchi ipi kati ya tatu, na umaskini wenyewe utaupimaje? Tukaanza kupunguza. Sangara na sato tukawaacha, wakabaki dagaa. Ziwa zima tukaliacha, ukabaki mwalo mmoja, yaani ufukwe wa kushushia samaki, mkoani Mwanza. Mwishowe swali likawa hili: nani hupanga bei ya dagaa wabichi kabla mtumbwi haujafika ufukweni? Nikiulizwa kilichonifikisha mwisho, nataja ufupi wa swali kabla ya bidii yoyote. Swali pana halimalizwi na mtu anayefundisha huku analea.

Vibali havikunisumbua sana. Barua ya chuo huenda kwa katibu tawala wa mkoa, ikashuka wilayani hadi kwa mtendaji wa kijiji. Nilizipeleka kwa mkono, kila ofisi na nakala yake.

Ratiba ya uwandani ilifuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi za sola. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki vizuri, na wavuvi hupumzika. Basi siku za mbalamwezi niliwahoji wavuvi, na siku za giza nilikaa alfajiri na kina mama wanaoanika dagaa. Jibu nililipata kwao: wao ndio waliowakopesha wenye mitumbwi hela ya mafuta, na ule mkopo ndio uliopanga bei. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, ukishapata hicho cheti, dagaa watapanda bei?" Nikamwambia hapana. "Haya, basi tusaidie kugeuza." Nikageuza.

Siku ya utetezi wa tasnifu nilijiandaa kwa maswali ya nadharia. Mtahini wa nje aling'ang'ania jambo moja: umejuaje kama wanasema kweli? Nikaonyesha nilivyolinganisha madaftari ya madeni ya kina mama na hesabu za wenye mitumbwi. Yalipopingana, niliandika kwamba yamepingana. Nikapita, kwa masharti ya marekebisho madogo.

Kwa ninavyoiona, shahada hii inathibitisha hicho tu: kwamba umeleta jambo jipya moja, hata dogo, na unaweza kueleza ulivyolijua mbele ya watu wanaotafuta mwanya. Kuhusu bei ya sangara, mchuuzi yeyote wa soko la Kirumba, Mwanza, ananizidi. (Shahada ya heshima ni jambo jingine, hutambua mchango wa mtu, haina utetezi. Sina ugomvi nayo, ilimradi tusizichanganye.)

Cheo nilikipata, na mshahara ukasogea kidogo. Tasnifu ipo maktaba, kwa Kiingereza. Kijijini nilipeleka kurasa chache za Kiswahili, mtendaji akaomba zisomwe kwenye mkutano. Kina mama walinibishia kipengele cha msimu wa mvua, wakasema wakati huo dagaa hawakauki, kwa hiyo hakuna anayekopesha kwa bei ileile. Wako sahihi, na nimeliingiza hilo kwenye makala ninayoiandika sasa.