Quy Nhơn, kwa Mshairi wa Mwezi

Treni ya kutoka Huế iliniteremsha stesheni ya Diêu Trì, kilomita kama 10 kutoka mji wa pwani wa Quy Nhơn, Vietnam. Nikapanda pikipiki. Dereva aliposikia jina la Hàn Mặc Tử, mshairi niliyemfuata huko, alianza kughani huku tunakwenda: shairi la kijiji cha Vĩ Dạ, wanalosomeshwa sekondari. Sikuelewa neno, ila mizani niliisikia.

Linaanza na mtu anayeuliza mbona huji kututembelea kijijini, kisha jua la asubuhi linawaka juu ya mipopoo. Inasemekana Hàn alilitunga mwaka 1938 baada ya kutumiwa kadi ya picha na binti wa Huế, Hoàng Cúc, ambaye Hàn alimpenda bila kupata jibu. Wakati huo ukoma ulikuwa umekwisha kumtenga na watu. Vĩ Dạ yenyewe nilikuwa nimeipita nikiwa Huế. Nyumba na mikahawa imeibana, lakini mipopoo bado ipo.

Kaburi lake liko Ghềnh Ráng, kilimani juu ya bahari, chini ya sanamu ya Bikira Maria, maana alikuwa Mkatoliki. Rafiki yake Quách Tấn, mshairi pia, alishirikiana na familia kuihamishia mifupa hapo mwaka 1959. Mahali pazuri, sikatai, ila pamejaa wapiga picha, na fundi mmoja huuza beti za Hàn zilizochomwa kwenye mbao kwa kalamu ya moto.

Mimi moyo wangu ulibaki Quy Hòa, ng'ambo ya kilima, kwenye makazi ya wagonjwa wa ukoma yaliyoanzishwa mwaka 1929. Waliopona bado wanaishi pale na familia zao, katika vijumba vya rangi rangi karibu na ufuo wenye mivinje. Chumba alicholazwa Hàn kimehifadhiwa: kidogo, kitanda na picha ukutani. Aliingia Septemba 1940, akafa tarehe 11 Novemba, umri miaka 28. Yeye aliyejaza mashairi yake mwezi, hata akatunga la kuunadi, mwishoni aliandika nathari kwa Kifaransa, akiwasifu masista Wafransisko waliomuuguza. Kitabu alichokiona kikichapishwa ni kimoja tu, Gái quê cha mwaka 1936. Mengine, pamoja na lile la dereva wangu, aliyaacha yakiwa miswada mikononi mwa marafiki.