Sauti moja ya kinanda, usiku wa tarehe 15

Stima ilikatika leo baada tu ya magharibi, nami kibodi nishaifungua, imelala kichalichali juu ya meza ya kulia, imepasuliwa kama ng'onda ya papa. Hapa Mji wa Kale, Mombasa, chumvi ya bahari haina adabu. Inaingia kwenye redio, kwenye pasi, kwenye bawaba za milango, na kila baada ya miezi mitatu minne inanila funguo za kinanda. Safari hii imeishika do ya katikati. Ukiibonyeza pole, kimya. Ukiibonyeza kwa nguvu inatoka na kelele kama mtu aliyeamshwa na ndoo ya maji. Dawa yake ni bisibisi, spiriti na vijiti vya pamba, unapangusa taratibu ule ukanda mweusi wa mpira ulio chini ya funguo mpaka utakate.

Mama watoto akaja na tochi ya simu, akaiangalia meza, akaniangalia mimi, akaiweka tochi akaenda zake. Nikajua chakula cha leo tutakila jikoni.

Nikiwa nangojea stima irudi, ndipo tarehe iliponijia. 15 Septemba. Siku kama hii mwaka 2008 alifariki Richard Wright, mpiga kinanda wa Pink Floyd, kwa saratani, akiwa na miaka 65. Najua wengi mnaopita hapa ni watu wa taarab na bango, na bendi ya roki ya Waingereza haiwahusu ndewe wala sikio. Nivumilieni. Huyu bwana nina deni naye.

Tulijuana, mimi na yeye, kupitia kwa mgeni mmoja wa Kijerumani. Ilikuwa miaka ya tisini katikati, bendi yetu ikipiga kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini, usiku tano kwa wiki, zile nyimbo za kuwakaribisha wageni ambazo hata usingizini vidole vinajipiga vyenyewe. Mzee huyo alikuwa akikaa meza ya karibu na spika yangu, mahali ambapo watu wenye akili hawakai. Siku ya kuondoka akanitilia kaseti mfukoni, akaniambia niisikize usiku, peke yangu. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, tukaelewana vizuri.

Upande mmoja mzima ulikuwa wimbo mmoja. Dakika 23! Unaitwa Echoes, wa mwaka 1971. Unaanza na sauti moja tu ya piano. Moja. Inalia, inanyamaza, inalia tena. Baadaye nilijua waliipitisha kwenye spika ya Leslie, lile sanduku lenye pembe inayozunguka ndani, ndiyo maana sauti inakwenda na kurudi. Lakini usiku ule, juu ya feri ya Likoni, nimeziba masikio kwa walkman ya kuazima, nilichosikia ni tone la maji linaloanguka kwenye birika la msikiti saa ambayo hakuna mtu. Feri ilifika ng'ambo, watu wakashuka, mimi nikabaki. Nikavuka tena kurudi, na tena kwenda.

Nilidhani ni maajabu ya gitaa. Kumbe ni mwenzangu wa kinanda, na ile sauti laini inayoimba sambamba na ya David Gilmour, mpiga gitaa wao, ni yake yeye yeye.

Alizaliwa 28 Julai 1943 Hatch End, pembezoni mwa London. Akiwa na miaka 12 alivunjika mguu, na katika kulala kitandani akajifundisha gitaa bila mwalimu, halafu tarumbeta na piano. Mwaka 1962 akaenda kusomea usanifu majengo katika Regent Street Polytechnic, akawakuta darasani Roger Waters na Nick Mason. Majengo hakuyataka, bali bendi ndiyo iliyozaliwa hapo. Syd Barrett alikuja baadaye, akaleta jina kutokana na waimbaji wawili wa bluzi wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council. Kwa hiyo Wright ni mwanzilishi hasa, alikuwepo kabla ya jina.

Kuna kisa cha Syd ambacho Wright mwenyewe alikisimulia. Walikaa nyumba moja wakati akili ya Syd imeanza kumpotea na wenzake washaamua kuendelea bila yeye, mwanzoni mwa 1968. Kumwambia hawakuweza. Basi Wright akawa anamuaga, natoka kidogo kununua sigara, kisha anakwenda kupiga shoo na wenzake, anarudi kesho yake. Kila nikikikumbuka kisa hiki natamani kucheka na nashindwa. Mwenzako yuko sebuleni anakungoja na sigara zako, nawe uko jukwaani na bendi yake.

Halafu ikaja ile miaka ya neema. Ile albamu yao ya 1973 yenye mchirizi wa mwanga kwenye jalada, The Dark Side of the Moon, haina haja ya kuisimulia, ilikaa kwenye chati za Marekani zaidi ya wiki 700. Ninalotaka kusema ni kodi moja (si ile ya serikali, ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja). Katika wimbo wa Breathe kuna mahali muziki unarudi mwanzo, na kwa kawaida sote tungepita njia ya kawaida. Wright akapita kwingine, kwa kodi ambayo mwenyewe alisema aliisikia kwa Miles Davis, kwenye Kind of Blue ya 1959. Ni kitu cha sekunde chache. Niliitafuta kodi ile wiki mbili kwa masikio, nikaipata saa nane usiku, nikaamsha nyumba nzima. Mama yangu, Mungu amrehemu, akauliza kupitia ukutani, "Kwani nani amekufa?"

Hata piano ya The Great Gig in the Sky ni yake. Wimbo hauna maneno ya kuimbwa, ni mwanamke mmoja, Clare Torry, analia na kupanda juu ya kinanda. Nikiisikia huwaza mwimbaji wa taarab aliyeishiwa beti na bado ana la kusema.

Sasa nije kwenye 1979, maana hapo ndipo penye deni.

Walikuwa wakirekodi The Wall. Fedha zao nyingi zilikuwa zimepotelea kwenye vitega uchumi vibovu, kampuni ya rekodi inataka kazi iishe kabla ya Krismasi. Wright alikuwa mapumzikoni Ugiriki, ndoa inamvunjikia, na studioni hakuwa akileta kitu cha maana. Akaitwa arudi kazini mapema, akakataa. Waters akasema basi atoke. Akatoka. Ila ziara ya albamu hiyo, 1980 na 1981, alipiga, kama mwajiriwa wa mshahara katika bendi aliyoianzisha yeye. Na hapa Mungu ana vichekesho vyake: shoo zile za kujenga ukuta mzima jukwaani zilikula pesa nyingi kuliko zilizoingiza. Wenye bendi wakala hasara. Kibarua peke yake ndiye aliyerudi nyumbani na faida.

Mimi yangu ilikuwa 2003. Tulikuwa watano tulioianzisha, vijana wa Kibokoni na Majengo, kinanda cha kwanza nilikinunua mimi kwa pesa za kuuza pikipiki. Hoteli ikapunguza siku, pesa zikawa haba, na siku moja gari halikunipitia. Nilikaa barazani na kibodi imefungwa mpaka isha. Hakuna aliyepiga simu. Dereva ndiye aliyenipa habari wiki iliyofuata, tena kwa haya, eti wamepata kijana anayejua na kompyuta.

Kwa miaka mingi nilikisimulia hiki kisa kama dhulma, na ni dhulma. Lakini leo hapa gizani, kijiti cha pamba mkononi, nimejiuliza kwa haki: mwaka ule nilikwenda mazoezini mara ngapi? Alasiri zangu zote ziliishia kwenye mogoka, miraa ya kutafuna, hapo hapo barazani. Wimbo mpya sikuwa nao tangu harusi ya dada yangu. Wright naye alikiri baadaye kwamba kipindi kile hakuwa na la kuchangia. Kukuonea wakuonee, na wewe uwe umelala. Vyote viwili vinakaa nyumba moja.

Alirudi 1987, tena kwa mshahara, jina lake liko ndani ya albamu lakini si miongoni mwa wenye bendi. Kufikia 1994 alikuwa mwenzao tena, na katika albamu ya The Division Bell ameimba mbele katika wimbo mmoja, kitu ambacho hakukifanya na bendi hii tangu ile albamu ya 1973. Sauti imezeeka, ina kutu kidogo. Mimi ndiyo naipenda zaidi. Na 2 Julai 2005 wakasimama wote wanne Hyde Park, London, kwenye tamasha la Live 8, mara ya kwanza baada ya miaka 24. Nilikwenda kuitazama kwa jirani mwenye dishi. Mwisho wanashikana mabega, na Wright yuko ukingoni mwa picha, anatabasamu kama mtu aliyealikwa kwenye harusi yake mwenyewe.

Saa tatu na robo stima ikarudi, mtaa mzima ukapiga kelele za watoto. Nikarudisha skrubu, nikachomeka. Do ya katikati. Nikaibonyeza pole, ikalia. Nikaiacha mpaka ikafa yenyewe, nikaibonyeza tena. Mama watoto akauliza kutoka jikoni, "Hiyo ndiyo nyimbo yenyewe?"

"Ndiyo mwanzo wake."

"Basi njoo ule, itaendelea kesho."

Sikumwambia kwamba alasiri kiongozi wa bendi alinipigia. Yule kijana wa kompyuta yuko Dubai sasa, na Jumamosi wana harusi Kisauni. Shilingi elfu tatu, na usafiri. Nimemuuliza gari linapita saa ngapi. Saa kumi, akasema, uwe tayari, ami, tusikungoje.

Kibodi nimeifunga kwa kanga mbili, nimeiegemeza mlangoni.