Mama Mafindo: siku moja maishani mwangu

Saa 11 alfajiri niko machinjioni, buti za mpira miguuni, mkononi ndoo ya formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze. Hapa Morogoro vijana wa machinjio wananiita Mama Mafindo, kwa kuwa nakusanya mafindo ya wanyama, yaani tonsili, nyama za kinga zilizo kooni. Wapo wanaoamini nawapelekea waganga, na nimeshachoka kubisha. Mimi ni fundi wa maabara ya tishu: nachukua nyama, naikata hadi iwe nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, naipaka rangi, halafu wenye shahada wanaitazama kwa hadubini.

"Mama Mafindo, usiniharibie ulimi," ananiambia mwenye vichwa vya ng'ombe. Hilo ni kila siku, kwa maneno yaleyale. Ulimi ni hela ya supu, namwelewa. Tatizo ni kwamba findo la ng'ombe halionekani kwa kufunua mdomo kama la mtu. Limezama ukutani mwa koo. Kwa nje unaona tundu tu. Ukiingiza ncha ya kidole unafikia kijipango chenye vijia vinavyochipua huku na huku, na nyama ya findo imekizunguka. Napapasa, nakata kwa kuzunguka, natoa, ulimi salama. Leo ng'ombe wawili na mbuzi watatu.

Vipande lazima viwe vyembamba, nusu sentimita hivi, na formalini iwe nyingi, mara 10 ya nyama. Ukiweka donge zima, nje linahifadhika vizuri huku katikati linaoza.

Saa 2 maabarani, chai na chapati mbili. Ninachokata leo kilichinjwa wiki iliyopita. Kimeshalala kwenye formalini, kikapitishwa kwenye alkoholi inayozidi ukali hatua kwa hatua ili maji yatoke, kikaingia zailini, kimiminika cha kuondoa alkoholi, kisha nta ya moto. Sasa ni bloki nyeupe yenye doa la nyama katikati.

Saa 3 nakaa kwenye maikrotomu, mashine ya kukata vipande vyembamba. Unene ni mikroni 5. Unywele wa kichwani kwako ni mnene mara kumi au zaidi ya hapo. Unazungusha mpini, bloki inapanda na kushuka mbele ya wembe, na vipande vinatoka vimeshikana kama utepe. Unaubeba utepe kwa brashi, unaulaza juu ya maji ya vuguvugu ujinyooshe, unaudaka kwa slaidi. Bloki za mbuzi zimeisha kabla sijapiga chafya.

Ya ng'ombe ikanigomea. Kila utepe ukitoka una mchaniko mrefu palepale, kama soksi iliyonasa msumari. Nikabadili wembe. Mchaniko. Nikaipoza bloki kwa barafu, nta ikakaza, nikajaribu tena. Mchaniko. Na hapo ndipo alipoingia mwenye mali, kijana wa shahada ya uzamili.

"Dada, slaidi zangu zimefikia wapi?"

"Zinakuja, mdogo wangu."

Akavuta kiti, akakaa nyuma ya bega langu. Anapumua. Upepo wa pumzi tu unatosha kuurusha utepe, nikamwambia asogee. Akasogea kidogo. Dakika tano, akauliza: "Kwani si unakata tu kama mkate?"

Sikumjibu. Nikakata, ukachanika.

"Na za nguruwe mbona sioni findo la pembeni mwa koo? Nimeliandika kwenye pendekezo langu la utafiti."

Nguruwe hana la pembeni. Lake limetanda kwenye kaakaa laini, limejaa vitundu kama chujio. Nimeshawaambia wanafunzi hilo mpaka nimesahau idadi. Akaandika kwenye simu yake kimyakimya. Tasnifu ikitoka, kwenye shukrani nitakuwa "wahudumu wa maabara."

Umeme ukakatika saa 7. Maji yakapoa, utepe ukabaki na mikunjo, sikuwa na la kufanya ila kula ubwabwa wangu. Uliporudi sikuangalia tena saa. Wembe wa tano, au wa sita, mgongo unawaka, nikapata vipande vitatu vinavyofaa, vyenye mkwaruzo mmoja mwembamba. Kukausha, kutoa nta, kupaka rangi za hematoksilini na eosini, kufunika kwa kioo. Vidole vyangu vimekuwa zambarau.

Giza likianza kuingia nikaweka slaidi chini ya lenzi. Jamani, findo ni zuri. Vifundo vya duara, ukingoni zambarau iliyokoza, katikati pamepauka, hapo seli za kinga zinazaliana. Ngozi ya juu imepangika kama matofali, lakini ukifuata kijia kuingia ndani inalegea, inakuwa kama wavu, seli za kinga zimejipenyeza katikati yake kwenda kukutana na chochote kinachoingia na chakula. Tunayachunguza yote haya kwa sababu ya maradhi: ng'ombe aliyepona ugonjwa wa miguu na midomo anaweza kubaki na virusi kooni hadi miaka mitatu na nusu, na kwa nyati vimekutwa mafindoni kabisa.

Kijana akainama kwenye hadubini. "Dada, hiki nini?"

Ndani ya kijia, kipande cha bua la nyasi, kuta za seli zake za pembepembe bado zinaonekana, mkwaruzo ukianzia hapohapo. Ng'ombe alikula, likanasa, likakaa.

"Hicho ndicho kimekula nyembe zangu."

Akakipiga picha kwa simu kupitia lenzi. Akauliza kama anaweza kuitia kwenye tasnifu.

"Itie. Ila chini yake andika nani amekata."

Akacheka. Hajasema ndiyo.