Luneta: nilianza kwa kumpiga picha shujaa mwingine

Jumapili yangu ya kwanza Manila niliitumia kumtafuta José Rizal, na kwa robo saa nzima nikaamini nimempata. Nilishuka treni kituo cha United Nations, nikaingia bustani ya Rizal Park, au Luneta, kutoka upande wa Taft Avenue, na mbele yangu likasimama jitu la shaba, kifua wazi, limekamata upanga. Huyu ndiye, nikajisemea. Nikapiga picha tatu, nikachagua iliyotoka vizuri, nikaitupa kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Rizal, shujaa wa Ufilipino."

Mama mmoja muuza maji, aliyekuwa akinitazama muda wote huo, akashindwa kuvumilia. "Kuya," akaniita huku akicheka, "huyo si Rizal. Huyo ni Lapu-Lapu."

Kuya ni kaka mkubwa. Huko hata muuzaji aliyekuzidi umri atakuita hivyo, ndiyo adabu ya biashara. Na Lapu-Lapu naye si wa kudharauliwa: mwaka 1521, kisiwani Mactan, watu wake walimuua Magellan, baharia Mreno aliyetumwa na Hispania, zaidi ya miaka 300 kabla Rizal hajazaliwa. Nikanunua maji kwa aibu. Yule mama akanyoosha kidole upande wa bahari. "Rizal yuko kule mbele. Utamjua, amevaa koti."

Kule mbele ni mbali. Bustani ina hekta zipatazo 58, na siku ya Jumapili kila kivuli kina mwenyewe: mikeka imetandazwa, sufuria za wali zimefunguliwa, mtoto amelala juu ya tumbo la babu yake. Mwanamume mmoja alinipita na mti begani, ndoo mbili za bati zikining'inia huku na huku, akiita "Tahooo!" kwa sauti inayopanda mwishoni kama swali. Nikamsimamisha. Akafunua ndoo ya kwanza, akachota kitu cheupe laini kilichotengenezwa kwa soya, akakilaza taratibu kwenye kikombe cha plastiki; kutoka ndoo ya pili akamimina shira ya sukari guru na punje za sago. Unakunywa na kutafuna kwa wakati mmoja. Nilinywa viwili, na sijutii.

Wenyeji wengi bado wanapaita Luneta. Zamani palikuwa Bagumbayan, na Wahispania walipatumia kuulia watu hadharani. Tarehe 17 Februari 1872 waliwanyonga hapo mapadri watatu wazalendo, Gómez, Burgos na Zamora. Rizal alikuwa na miaka kumi. Alipokua akawa daktari wa macho, na riwaya zake mbili zikawakera watawala na maaskofu. Ya pili, iliyotoka 1891, aliwatabaruku mapadri wale watatu. Mwaka uliofuata wakampeleka uhamishoni Dapitan. Tarehe 30 Desemba 1896 wakamleta Bagumbayan.

Nilimjua kwa koti, kweli. Koti zito la baridi ya Ulaya, refu hadi chini ya magoti, katika joto ambalo fulana yangu ilikuwa imekwisha kushindana nalo. Ana kitabu mkononi, na nyuma yake mnara wa mawe wenye nyota tatu. Aliyemchonga ni Mswisi, Richard Kissling, ambaye kwenye mashindano alishika nafasi ya pili. Hivyo Ufilipino nzima inampigia saluti mshindi wa pili, na sanamu ikazinduliwa 1913. Nyuma kabisa limechomoza jengo refu la makazi, linaingia kwenye kila picha utake usitake. Kesi ya kulipinga ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 wakaliacha lisimame. Nilijaribu pembe nne. Lilinishinda.

Huruhusiwi kusogea karibu, kuna mnyororo. Wanajeshi wawili wa majini, waliovaa sare za gwaride, wanalinda hapo usiku na mchana. Nilimtazama wa kushoto: tone la jasho lilishuka kutoka chini ya kofia, likafuata shavu, likaning'inia kidevuni kwa muda ambao mimi ningejipangusa mara tano. Likaanguka lenyewe. Hakupepesa jicho.

Nikamuuliza jirani yangu, baba mwenye watoto wawili, kwa nini walinde sanamu. Akanishangaa. "Si sanamu. Yeye mwenyewe yuko hapo chini."

Hilo sikulijua. Baada ya kumuua, Wahispania walimzika kimyakimya makaburi ya Paco, bila jeneza, bila jina. Dada yake Narcisa akazunguka makaburini siku hiyohiyo hadi akaona udongo uliofukuliwa karibuni na askari wamesimama. Akampa mlinzi wa makaburi kitu kidogo aweke jiwe lenye herufi R.P.J., herufi za kwanza za jina la kaka yake, José Protacio Rizal, zikisomwa kutoka nyuma ili adui asizitambue. Mwaka 1898 familia ikaifukua mifupa, na tarehe 30 Desemba 1912 ikaletwa hapa.

Mama yangu ni wa Nyeri. Kila tukipita Kimathi Street, Nairobi, mbele ya sanamu iliyozinduliwa 2007, lazima aseme neno moja: "Chuma tumepewa. Mtu je?" Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa na Waingereza Kamiti Februari 1957 na kuzikwa humo humo gerezani, kaburi halina alama. Nilikaa pale kwenye mnyororo wa Rizal muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Mahali penyewe pa risasi pako hatua chache kutoka hapo. Sanamu za shaba, kubwa kuliko watu, zimepangwa kama asubuhi ile. Rizal aliomba apigwe akiwatazama, wakamgeuza mgongo. Waliofyatua walikuwa Wafilipino wenzake wa jeshi la Hispania, na nyuma yao Wahispania wenye bunduki, asije akasita mtu. Risasi zilipompata alijipindua, akaanguka uso ukiangalia juu. Alikuwa na miaka 35. Shairi lake la mwisho alikuwa amelificha ndani ya jiko dogo la spiriti, akamnong'oneza dada yake mwingine kwa Kiingereza, ili walinzi wasielewe, kwamba kuna kitu ndani.

Jioni nikafungua simu. Binamu zangu walikuwa wameshamsifia Rizal kwa misuli. Nikatuma picha ya pili, jengo na vyote, na maelezo marefu ya kaburi la Paco. Wakacheka koti. Mama alikawia kujibu, kisha akaandika:

"Huyo dada aliitwa nani?"

Narcisa, mama.