Swali la Nesi

Nilijiandaa kuulizwa umri, presha na dawa ninazotumia. Sikujiandaa kuulizwa hivi: "Mkeo akifariki mwaka ujao, ukaoa mwingine, naye akataka mtoto, utamwambia nini?"

Nesi aliuliza kwa sauti ileile aliyoulizia uzito wangu. Fomu ya ridhaa ya kufunga uzazi ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Mke wangu alikuwa ameketi pembeni yangu, akageukia dirishani. Nadhani jibu alilitaka yeye kuliko nesi.

Tulikuwa na watoto watatu. Wa mwisho alitoka kwa upasuaji kama wenzake, na baada yake damu ikakataa kukatika. Nilikesha kwenye korido nikiangalia mifuko ya damu ikipitishwa. Na kabla ya usiku huo, kwa miaka tisa, kupanga uzazi ilikuwa kazi yake peke yake: vidonge vilivyomtia kichefuchefu, sindano iliyomvurugia siku zake, kipandikizi alichoishia kukitoa. Mchango wangu ulikuwa kumkumbusha tarehe za kliniki, na hizo nazo nilizisahau. Miezi kadhaa baadaye daktari alipotaja kumfunga mirija, akaeleza kwamba kwa mwanamke lazima waingie tumboni tena, ila kwa mwanaume wanaishia chini ya ngozi tu ya korodani, nikajisikia nasema, "Basi nifungeni mimi." Ningependa kudai nililipima jambo hilo. Lilinitoka tu.

Kaka yangu aliposikia aliuliza kama nakwenda kuhasiwa kama beberu. Nami, nikiri, usiku niliwaza vivyo hivyo. Ilibidi daktari anieleze kwamba kuhasi ni kuondoa au kuua korodani zenyewe. Hapa zinabaki na kazi yake, homoni inapita kwenye damu kama kawaida, kinachokatwa ni mirija inayopitisha mbegu. Hata shahawa hazipungui kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu mbegu ni sehemu ndogo sana ya maji yale.

Lakini nesi hakuniuliza hayo. Nikamjibu, "Akifa, nitabaki na watoto watatu wasio na mama. Huyo mwingine atanikuta hivyo." Akaandika. Kisha, bila kuinua macho: "Na mmoja wa hao watatu akifa?"

Hapo nilikaa kimya. Nilimwona yule mdogo, jinsi anavyolala mdomo wazi. Mke wangu akaacha dirisha, akanitazama. Nikasema hata nikizaa wengine kumi hakuna atakayekuwa yule. Sijui kama lilikuwa jibu zuri. Nesi alisema upo upasuaji wa kuunganisha upya, ila hauna uhakika, kwa hiyo nisiuweke kwenye hesabu zangu. Na kwamba naweza kughairi hata nikiwa kitandani, hakuna atakayenidai sababu. Nikasaini. Mkono ulitetemeka kidogo, saini ikatoka kama ya mtu mwingine.

Upasuaji wenyewe hauna hadithi. Sindano ya ganzi iliuma, halafu nikahisi kuvutwa, kama kuna uzi umeshikizwa kitovuni na mtu anaujaribu. Kushoto, kisha kulia. Daktari aliniinulia kipande cheupe kwenye koleo, kifupi kuliko ukucha wa kidole gumba, nikashangaa kwamba kaka yangu alikuwa akiogopa kitu hicho. Nusu saa haikufika. Nilitoka nikitembea kama kijana aliyetahiriwa jana, mke wangu akijizuia kucheka mpaka tulipofika nje, akashindwa.

Kisichosemwa sana ni kungoja. Kumbe siku ile unatoka bado una uwezo wa kumpa mtu mimba, maana zipo mbegu zilizokwisha kuvuka pale palipokatwa. Tuliambiwa tuendelee na kondomu kwa miezi mitatu na angalau mara 20, kisha nipeleke shahawa zipimwe. Hizo 20 nilizihesabu kwa vijistari vya penseli kwenye kalenda ya ukutani. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kuhesabu, akaniuliza ni vya nini.

"Deni," nikasema.

"Unadaiwa na nani?"

Mama yake akatoka chumbani haraka.

Kipimo cha kwanza kilikuta mbegu chache bado zipo. Nikarudishwa nyumbani na kikopo kingine na mwezi mwingine, na nikaudhika kuliko nilivyoudhika na sindano. Cha pili hakikuona hata moja. Nilileta karatasi ya maabara, mke wangu akaisoma amesimama, akairudia. Kisha akaishusha ile kalenda ukutani, ingawa mwaka ulikuwa umebakiza miezi miwili.